Deni la Arosto

Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu pia, kaka yangu hupanda matatu kutoka Mtwapa hadi kliniki ya Kisauni kunywa methadoni. Anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, anaongeleshwa maneno mawili matatu ili ijulikane kweli amemeza, halafu anarudi kuuza madafu yake. Hana arosto. Anakula. Analala.

Mjomba anasema kaka ameacha unga wa mtaani akachukua unga wa serikali. Nilicheka aliposema hivyo, na kicheko hicho kimenisumbua wiki nzima.

Kwa sababu majibu ninayajua. Methadoni ni jamii moja na heroini, sawa, lakini hufanya kazi polepole, hukaa mwilini siku nzima na zaidi, haimpandishi mtu juu kisha ikambwaga. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2005. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Malindi ikafuata 2015. Na ile njia nyingine ninaijua pia. Mwili ukikaa miezi bila unga husahau kuubeba; mtu akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kaka alifungiwa miezi mitatu kwenye nyumba moja ya kurekebisha tabia, bila dawa, na tukalipa. Alitoka amenenepa, anang'aa, Mama akapika pilau. Wiki ya pili tukamkuta chooni, midomo imegeuka buluu.

Basi mbona nilicheka?

Nafikiri nilitaka aumie. Karo yangu ya mwaka wa pili iliishia maskani, na chuo nikaacha. Hatujawahi kuliongea hilo. Arosto yake, kule kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, kulia kama mtoto, mimi niliihesabu kama malipo. Sasa imekuja dawa inafuta maumivu yote, na deni langu limebaki pale pale. Watu huniambia ni kama insulini ya Mama. Sikubali sana, maana Mama hakuiba cha mtu ndio akaugua sukari. Lakini hata kama angeiba, nani angemnyima insulini mpaka alipe? Hapo sina jibu. Tiba na deni ni vitu viwili, na aliyevifunga pamoja ni mimi.

Jana aliniomba nauli. "Mdogo wangu, niongezee hamsini." Miaka minne sijampa pesa mkononi. Nikamwambia angoje, nitamsindikiza. Akaniangalia, akaelewa kwa nini.

"Twende tu," akasema.

Nikamlipa kondakta mwenyewe. Tulipita Bamburi bado sijaanza habari ya karo.