Mwamba wa Uzi

Chukua sindano ya kroshia, anza na vitanzi vichache, na kila baada ya vitanzi vitano ongeza kimoja. Endelea hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko. Mwanzoni kitambaa kitalala bapa. Baadaye kitakataa: kingo zitajikunja, zitapanda na kushuka, mpaka utajikuta umeshika kitu ambacho mvuvi yeyote atakitambua. Tumbawe.

Wanahesabati walilijua umbo hilo tangu karne ya 19, ila kichwani. Mwaka 1997 Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, alilifuma kwa uzi ili wanafunzi walishike. Kisha mwaka 2005 Margaret na Christine Wertheim, dada wawili pacha kutoka Queensland, Australia, wakiwa wanaishi Los Angeles, wakaanza kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kuuhofia ule wa kwao, Great Barrier Reef, unaoenea kilomita 2,300. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wameongeza vipande vyao.

Viumbe hawa wa baharini hawana ubongo, wala hawakungoja Euclid, mwanajiometri wa kale, azaliwe. Wanaongeza tu, na mkunjo unawapa eneo pana la kunasia chakula mahali padogo. Hapo mimi husimama, nikaona haya kidogo kwa jinsi tunavyojisifia ubao na chaki.

Lakini uzi haupumui. Samaki hatataga humo, na bahari haipoi kwa sababu mtu kafuma jioni nzima. Kazi hii ilipoonyeshwa Venice mwaka 2019, bila shaka wengi waliifuata kwa ndege. Wapo wanaosema sanaa ya namna hii ni kujiliwaza tu, nami sina haraka ya kuwabishia.

Kinachonituliza si uzuri wa mwamba ule, ni takataka. Kuanzia 2007 hadi 2011 dada hao hawakutupa plastiki za nyumbani mwao. Waliziweka zote, kisha wakazionyesha kuwa sehemu ya kazi. Na mwamba mwingine wakaufuma kwa mifuko ya plastiki yenyewe. Mashehe wetu hutufundisha muhasaba, mja kujihesabu nafsi kabla hajahesabiwa. Aghalabu tunaufanya tukiwa kitandani, kimya kimya, na nafsi ni nyepesi wa kujisamehe gizani. Muhasaba uliorundikwa sebuleni ni mgumu zaidi kuukwepa.

Kuna pia mwamba wao mweupe. Tumbawe hai lina vijimea vidogo vya mwani ndani ya mwili wake, ndivyo vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzijoto moja tu, yakadumu hivyo majuma kadhaa, tumbawe huvitoa, likabaki jeupe. Mwaka 2016 yalitokea hayo Australia, na 2017 yakarudi kabla mwamba haujapata nafuu. Ila tumbawe jeupe bado si maiti. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi.

Kwa hiyo kufuma huku sikuiti matanga. Nakuona ni kuuguza. Anayekesha na mgonjwa si tabibu. Anapangusa jasho, anageuza mto, na tabibu akija yeye ndiye anayejua homa ilipanda saa ngapi. Dawa hana. Lakini hakuondoka, na kwa kutoondoka kwake amemjua mgonjwa.

Sisi wa pwani tulikuwa na ujuzi wa namna hiyo. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa katika matumbawe kwenye mihrabu. Mafundi walilitoa tumbawe likingali bichi, kwa kuwa hapo ni laini na hukubali patasi. Likishapigwa na upepo hukauka likawa gumu. Walichukua kutoka baharini, hilo tusilifiche. Lakini walilijua kwa vidole, wakaliweka pale wanapoelekea wakisali. Wengi wetu leo tunalijua kwa picha za watalii. Mfumaji anaurudia ujuzi ule kitanzi kwa kitanzi, na anaposoma kwamba joto la 1998 liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, anakijua kilichokufa, kwa kuwa amejaribu kukitengeneza na mkono umemchoka.