Mtoto Hakuchoka, Alilegea

Nilipokuwa nikiishi Uingereza, jirani yangu, mama kijana kutoka Kigoma, alinigongea mlango usiku akiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. "Kaka, nipigie simu kwa wauguzi. Mwanangu amelegea." Yeye Kiingereza kilikuwa hakijamkaa, mimi changu nilikiamini. Nikamwambia muuguzi kwamba mtoto yuko "tired". Akajibu kwa upole: mwacheni alale, mpige simu tena asubuhi.

Mama hakuridhika. "Umemwambia hanyonyi? Umemwambia nikimfinya unyayo hafumbui macho?" Sikuwa nimesema. Nilipiga tena, nikaeleza hivyo hivyo alivyonieleza. Sauti ya muuguzi ikabadilika. "Lethargic," alisema, na papo hapo akatuma gari la wagonjwa. Mtoto alipona, lakini nusu saa niliyoipoteza inaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile nayapima maneno ya Kiingereza ya namna hiyo kabla ya kuyatamka. "Tired" ni aliyechoka: akipumzika, nguvu hurudi. "Lazy" ni mvivu: anaweza ila hataki, na ukimwita mgonjwa hivyo umemlaumu. "Weak" ni dhaifu: nia anayo, mwili haumtii. "Listless" ni aliyeishiwa hamu, kwa kuwa "list" ya Kiingereza cha kale ilikuwa kutamani. Na "lethargic" shina lake ni la Kigiriki, lethe, yaani usahaulifu. Ndilo jina la mto wa kuzimu ambao, katika hadithi za Wagiriki, wafu waliyanywa maji yake wakasahau walikotoka. Daktari akilisikia neno hilo kuhusu mtoto, anaelewa kwamba fahamu zenyewe zinazama. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa umeliweka kati ya dalili za hatari, pamoja na kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu na degedege.

Mama yule alikuwa amesema sawasawa. Mimi ndiye niliyelichukua neno lake zito nikaweka jepesi mahali pake.

Basi ukimkalimania mgonjwa, usikimbilie neno moja. Taja anachofanya na anachoshindwa: Ananyonya? Akiguswa anaamka? Akiitwa anatazama? Hayo muuguzi atayaelewa hata Kiingereza chako kikikwama.