Gari Nililokula

Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za Ngong Racecourse, suruali yake ya kaki imeanza kushika kijani magotini, anasafisha matundu ya hewa ya Peugeot 504 kwa kijiti cha pamba. Kile cha kusafishia masikio. Alikuwa na pakiti nzima.

Nilikuwa pale kikazi. Muuza spea mmoja wa Nairobi alinilipa niandike maelezo mafupi ya picha za Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Kama hujawahi kwenda: ni uwanja wa mbio za farasi, uko hapo Ngong Road tangu 1954, ila siku hiyo farasi hawapo. Magari na pikipiki hupangwa kwa madaraja, majaji wanapita. Wanaangalia bodi, wanaangalia viti, wanafungua bonneti, wanainama kuangalia chini. Tone la mafuta mahali pasipofaa linaweza kukunyima kombe. Ni mashindano ambayo hakuna anayekimbia.

"Kijana, wewe hizi umezisikia tu," mzee aliniambia bila kuinua kichwa.

"Nimekulia ndani ya moja, mzee."

Akacheka, akidhani naongeza chumvi. Sikuwa naongeza.

Khocha, yaani mjomba, ndugu ya mama, alikuwa na Pijo. Hivyo ndivyo kila mtu Sirisia alivyoiita. Ilikuwa 504 ile ndefu ya nyuma, na ilibeba watu kutoka Sirisia hadi soko la Chwele kabla ya lami kufika. Kiwandani waliitengenezea watu saba au wanane. Khocha alihesabu kumi na wawili, na kuku hawakuhesabiwa.

Khocha hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini Safari Rally aliijua kama mhubiri anavyojua manabii. Alijua kwamba 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Alijua kwamba kabla ya hapo 404 ilikuwa imechukua mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka alioupenda zaidi ni 1963, kwa sababu ya hesabu yake. Magari 84 yalianza, 7 yakamaliza. Pijo ikizama kwenye tope la kuelekea Lwakhakha na abiria wote tukalazimika kushuka tusukume, alikuwa anatoa kichwa dirishani na kusema, "Leo tuko na wale sabini na saba!"

Nilipoanza kuijua vizuri, Pijo ilikuwa haibaki na mengi ya kwake. Injini ilitoka kwa gari jingine lililoangukia Webuye. Mlango wa kushoto ulikuwa wa bluu, gari lenyewe jeupe. Kiti cha dereva kilikuwa mbao na godoro. Wagiriki wa kale walikuwa na swali juu ya meli ya Theseus: ukibadilisha ubao mmoja mmoja mpaka mbao zote ziwe mpya, bado ni meli ileile? Swali hilo lilifundishwa kwenye somo moja la mwaka wa kwanza chuoni, na ndilo somo pekee nililofurahia. Pale Ngong jibu liko wazi, kwa sababu kila kitu cha asili kina alama zake. Sirisia nako jibu lilikuwa wazi: ikiwaka asubuhi, ni ileile.

Agosti 2021 nilipata nafasi ya chuo kikuu kusomea takwimu. Karo haikutosha. Mama alikuwa ameshakopa kwenye chama mpaka wenzake wakaanza kumkwepa. Khocha hakuitisha mkutano. Alimpigia simu mnunuzi wa vyuma kuukuu kutoka Bungoma, wakakubaliana. Injini na gia zilikwenda kama spea, bodi ikapimwa kwa kilo. Jumla, shilingi 85,000. Alinipa zikiwa kwenye bahasha ya kaki. Yeye akarudi kwa baiskeli.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Sikufukuzwa chuo. Sikuugua. Hakuna mhadhiri aliyenionea. Mwanzoni mwa 2023 niliacha tu kwenda darasani. Wiki ya kwanza nilijiambia nimechoka, ya pili nikajiambia nitasoma maandishi ya wenzangu, ya tano nikawa naogopa kuonekana. Nilikuwa nimeanza kupata vibarua vya kuandika, elfu mbili hapa, mia tano pale, na hiyo ilinipa jina zuri la kuita kile nilichokuwa nafanya. Nilikuwa "najipanga."

Nyumbani sikusema. Aprili mwaka huo, Khocha akapiga simu kuuliza kama nina pesa za mtihani. Nilikuwa na sekunde mbili hivi za kusema ukweli. Nikasema, "Bado kidogo, Khocha." Jioni M-Pesa ikaingia: 12,000. Baadaye nilisikia kwa mama kwamba aliuza ndama. Nililipa kodi ya nyumba, nikanunua viatu.

Kwa muda mrefu nilichanganya makosa haya mawili, nikayaita kwa jina moja: nimeacha chuo, nimekula gari la Khocha. Ukiyaweka pamoja hivyo, mzigo unakuwa mkubwa mpaka huwezi kuuinua, na kitu usichoweza kuinua ni rahisi kukiacha kilipo. Pale Ngong, nikiwa nimesimama karibu na 504 nyeupe inayong'aa kama meno ya tangazo la dawa, nilianza kuyatenganisha.

Kuna hesabu moja ambayo rafiki zangu wengi wangeipiga. Gari lilitolewa ili shahada ipatikane. Shahada haikupatikana. Kwa hiyo gari lilipotea bure, na Khocha alikosea kuliuza. Ni hesabu safi, ila ina shida: inampima Khocha kwa kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake. Siku anatoa bahasha, mimi nilikuwa sijaacha chuo. Kama tendo lake lilikuwa jema siku ile, haliwezi kugeuka ujinga miezi kumi na nane baadaye kwa sababu mimi nililala.

Mzee wa kijiti cha pamba alikuwa na hesabu nyingine. Nilipomwambia kwamba yetu iliuzwa kwa kilo, aliacha kusugua. "Msingeuza," alisema, na alikuwa na huruma ya kweli. "Siku hizi hazipatikani. Kitu kama hiki unakitunza." Ni kweli. Hapa Kenya 504 ziliunganishwa hadi 2004, na zilizobaki nzima si nyingi. Lakini neno "unakitunza" lina vitu vingi ndani yake. Lina gereji yenye paa. Lina gari jingine la kwendea kazini. Lina karo iliyolipwa kwa pesa nyingine. Mzee alisema hajaitoa kwenye mvua kwa miaka mingi. Sisi kwetu ingekaa bila kutoka kwenye mvua, tungekula nini?

Na hata historia yenyewe haikugawiwa sawa. Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Wakati magari yale ya kwanza yanazunguka Afrika Mashariki, Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikuwa kizuizini tangu 1948, mwaka uleule ambao polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, Februari 10, wakaua watu 11. Malakisi ni majirani zetu, nimeshacheza mpira huko. Sisemi haya ili nimharibie mzee Jumapili yake. Mimi mwenyewe nililipenda gari lake, na Khocha anaipenda Safari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nasema tu kwamba watu wawili wanaweza kupenda kitu kimoja cha zamani, mmoja akiwa na uwezo wa kukihifadhi na mwingine akiwa na uwezo wa kukitumia tu. Sidhani wa pili anapenda kidogo.

Kilichonisaidia kufikiri hakikutoka chuoni wala Ngong. Kilitoka Agosti 2016, mwaka wangu wa kupashwa tohara. Kwetu Bubukusu tohara ni Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na siku moja kabla ya kisu kijana huenda kwa mjomba wake. Khocha alichinja. Akakata ule ukanda wa nyama ya kifuani, luliki, akanivika shingoni ukiwa bado na joto. Nikarudi nyumbani nao, mafuta yakinitiririka kifuani, kengele mkononi, wimbo nyuma yangu.

Angalia mpangilio wake. Luliki huja kabla. Mjomba hangoji kesho aone kama utasimama imara au utatikisika, ndipo achinje. Anachinja akiwa hajui. Kama angengoja matokeo, ingekuwa mshahara. Na hakuna anayerudisha luliki. Utarudisha nini, ng'ombe ameshaliwa?

Pijo ilikuwa luliki yangu ya pili. Ndivyo ninavyoona sasa. Khocha alitoa kabla, bila kujua, na jambo lake likaishia hapo likiwa zima. Sina deni la shahada kwake. Hiyo haimaanishi kwamba nilifanya vizuri kuacha. Nilitikisika, na kutikisika kuna jina lake kwetu, na si jina zuri. Wale 77 wa 1963 hawakumaliza, lakini hakuna aliyewaita wezi. Gari likikufia njiani, unatoa kichwa dirishani na kusema limekufa.

Mimi sikutoa kichwa. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni dogo kwa hesabu kuliko lile nililokuwa nabeba: 12,000, si 85,000. Zile za kwanza nilipewa na mtu aliyeona kitu kama kilivyo. Zile za pili nilipewa na mtu niliyekuwa nimemfunga macho. Zawadi inahitaji mtoaji awe anaona. Ukishamfumba macho, anachotoa si zawadi tena, hata kama anatoa kwa moyo wote. Nadhani hata huo moyo wote ndio unaofanya iwe mbaya zaidi.

Unaweza kuniambia kwamba haya yote ni njia ya kijanja ya kupunguza deni. Nimejiuliza hivyo pia. Jibu langu ni kwamba deni kubwa nisiloweza kulipa lilikuwa linanistarehesha. Lilinifanya nijione mtu wa huzuni kubwa, mtoto aliyekula gari. Deni la ndama halina sifa yoyote. Linataka tu upande basi.

Nilipanda basi. Kazi ya Ngong ilinilipa, nikaongezea kidogo, nikafika Sirisia Jumamosi iliyofuata. Khocha alikuwa chini ya mti wa parachichi anaziba tundu la tairi la baiskeli, sikio lake limeinamia beseni la maji kusikiliza hewa inatokea wapi. Nilimsalimu, nikaketi chini, nikasema yote kabla sijaletewa chai. Nilisema mwezi nilioacha. Nilisema kuhusu simu ya Aprili.

Alinyamaza kwa muda ambao sitaki kuupima. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nawaambia watu sokoni kwamba mwiwa wangu anamaliza mwakani." Hakupandisha sauti. Hiyo ilikuwa gharama nyingine ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu, na bado sijui hulipwa kwa nini.

Nikampa zile 12,000. Alikausha mikono kwenye suruali, akahesabu noti moja moja, akahesabu tena, akatia mfukoni. Nikaanza kusema kwamba za gari nitalipa polepole.

"Za gari usiniletee," alisema. "Nani alikuuzia gari?"

Akarudi kwa tairi lake. Nilikaa pale nikiona kama mazungumzo yameisha, na labda mengi zaidi yameisha nayo. Chai ikaja. Ilipofika katikati ya kikombe, nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya ile 504 ya Ngong, nyeupe, milango yote rangi moja, na utepe wa tuzo kwenye kioo cha mbele.

Aliichukua simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akaenda nayo polepole kutoka taa hadi bampa, kama majaji, akarudi mpaka kwenye kioo.

"Hizi wipa si zake," alisema. "Hawakuona?"