Kabati la Harusi za Watu

Ujumbe wako nimeusoma, mwanangu. Umeandika shikamoo, ukaniuliza hali ya magoti, na kabla sijasema neno juu ya magoti ukaomba laki moja na nusu ya nguo za kazini, kwa kuwa huna cha kuvaa. Sikukasirika. Mtu aliyekaa nyuma ya cherehani miaka arobaini hakasirishwi na maneno hayo. Nimeyasikia kwa mama zenu, nimeyasikia kwa dada zenu, leo nayasikia kwenu yakiwa na vikatuni vya kulia pembeni. Nimechoka tu. Kaa chini nikueleze taratibu, maana haraka sina tena.

Mwezi uliopita nilipolala kwako nilitafuta shuka, nikafungua kabati lako. Unisamehe, jicho la fundi halifumbiki. Nilihesabu magauni tisa ya kitenge, marefu, yenye mikono ya puto na mikia ya kufagia ukumbi. Karibu yote nayajua kwa sherehe zake. La njano ni sendofu ya binti wa jirani, la kijani ni harusi ya mfanyakazi mwenzio, la zambarau ni kicheni pati ya mtu ambaye hata wewe humkumbuki vizuri. Yamevaliwa mara mojamoja. Chini yake, kwenye rafu, palikuwa na blauzi tatu zilizopauka mabegani na suruali nyeusi iliyoanza kung'aa makalioni. Hizo nne ndizo nguo zako. Zilizobaki ni za harusi za watu.

Sasa jumlisha mwenyewe, sitaki kukutajia bei ukadhani nakusimanga. Kitambaa cha sare, ushonaji, kilemba, hereni za kufanana na kitambaa, kisha mchango wenyewe. Hiyo laki moja na nusu imekwisha kupita mkononi mwako mwaka huu, na si mara moja. Na nyingine hukuitoa taslimu. Ulichukua kwa yule dada anayepita maofisini na begi la vitenge, ukaandikwa kwenye daftari lake, ukalipa mwisho wa mwezi. Nguo ya daftari ina ubaya wake: ukiivaa deni halijaisha, deni likiisha umeshaichoka.

Wala mimi si mtakatifu katika jambo hili. Chumba ninacholala nilikipaua kwa hela za sare. Walikuwa wakija wanawake ishirini kwa mkupuo, kitambaa kimoja, mishono ishirini tofauti, na kila mmoja akininong'oneza kwamba lake liwe tofauti kidogo na la wenzake. Niliwapima, nikawashonea, nikapokea hela, sikuwaambia neno. Ungekuwa mteja wangu ningekunyamazia na wewe. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu.

Nguo za kila siku zinapangwa kwa siku. Wewe una siku tano za ofisini, ambako unakaa kwenye kiti saa nane, na kabla ya hapo umepanda daladala ukiwa umesimama na mkono juu umeshika bomba. Jumamosi ni soko na usafi. Jumapili ni ibada. Kwa hiyo nguo yako ya kwanza kuifikiria ni ile inayovumilia mkono ulioinuliwa: isipande tumbo, isipasuke kwapani, isionyeshe jasho. Uliwahi kuliwaza hilo ukiwa dukani? Hapana. Dukani unasimama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kama unapigwa picha ya pasipoti. Siku ukijaribu nguo, inua mkono, kaa, inama. Nilikuwa nawaambia wateja hivyo, wakanicheka, kisha wakarudi baada ya wiki na kwapa limefumuka.

Hesabu nyingine ni hii. Sketi tatu na blauzi nne, kama kila blauzi inakubaliana na kila sketi, ni mavazi kumi na mawili. Wiki mbili za kazi na zaidi, hujarudia. Sharti lake ni rangi. Ukiwa na sketi ya maua, blauzi ya maua na mtandio wa maua, una vipande vitatu na vazi hata moja huna. Chagua rangi moja ya kutegemea, nyeusi au bluu ya giza au kahawia, na viatu na mkoba viifuate hiyo. Maua yabaki sehemu moja ya mwili. Na maua unayo tayari, tisa, yananing'inia.

Lete yale magauni. Sketi ya mwamvuli inakula kitambaa kingi sana, ndiyo maana inapendeza ukizunguka, na ndiyo maana inafaa kukatwa. Tunafumua kiunoni, juu na chini vinaachana. Chini tunaipunguza mpaka katikati ya muundi, tunaitia mkanda na zipu ya pembeni, na kwenye kipande kilichokatwa panatoka mifuko miwili. Sketi ya kazi iwe na mifuko, mwanangu, nauli haishikwi mkononi siku zote. Juu nako, mikono ya puto tunaing'oa, tunairudisha ikiwa mifupi na tulivu, tunaongeza pindo la chini, inakuwa blauzi ya kuvaliwa na ile suruali. Magauni tisa siyo yote yatakubali. Yale yaliyobanwa sana hayana mshono wa akiba ndani, huwezi kuyapanua. Fundi aliyekata mshono mwembamba ili abaki na kitambaa cha kwake, huyo amekuibia mara mbili. Lakini matano yatakubali, nimeyapapasa.

Na angalia kitambaa chenyewe. Chomoa uzi mmoja pindoni, uuwashe kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi inayoungua na kubaki jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka, ukajikunja na kuacha kipira kigumu, ni poliesta. Poliesta haina dhambi, haikunjiki, inakauka upesi. Ila kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, ndani ya daladala, kuivaa mwili mzima ni kujipika. Ya poliesta igeuze sketi, ya pamba iwe juu, karibu na kwapa.

Haya ya kufumua na kugeuza sikuyasoma popote. Nilipoanza ufundi, miaka ile baada ya vita vya Kagera, nguo ilikuwa haipatikani. Tulikuwa na kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Wachina walitusaidia kukijenga, kikafunguliwa 1968, kanga na vitenge vyetu vikatoka humo. Lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini unaingia duka la ushirika unakuta rafu na muuzaji, basi. Ikisikika doti za kanga zimekuja, foleni inaanza alfajiri, na wengine wanapanga mawe badala yao wakarudi kulala. Tulishona gauni kwa pazia. Suruali ya marehemu baba yangu niliigeuza sketi, nikaivaa mpaka nikaolewa nayo. Namaanisha niliivaa siku ya posa, usicheke. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa 1984, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata akaifungua zaidi, watu wakamwita Mzee Ruksa. Ndipo mitumba ikatujia wazi. Wenyewe tuliiita kafa Ulaya, tukiamini wenye nguo zile wamekufa huko. Tulizivaa hivyo hivyo.

Nilizichukia, zilinipunguzia wateja. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua, nilifurahi, nikatia mafuta cherehani ya pili iliyokuwa imelala. Wanyarwanda walishikilia, wakapandisha ushuru, Marekani ikawanyima nafuu ya kodi kwa nguo zao. Sisi wengine tukalegea. Cherehani ile niliiuza. Kwa hiyo ninapokwambia nenda mitumbani, jua anayesema ni mtu aliyeumia.

Nenda Karume, au hapo Tandika kama nauli ni tatizo. Belo likifunguliwa asubuhi, wenye maduka ya mitaani wanachagua kwanza, na bei ya hiyo saa ni ya kwao, si yako. Wewe hushindani nao. Nenda mchana ukielekea jioni, kwenye yale mafungu ya chini yaliyokwisha kupekuliwa, muuzaji ameshachoka kupiga kelele. Usiende siku umepokea mshahara. Nenda na orodha ya vitu vitatu na hela ya vitu vitatu. Kinachowaangamiza watu pale ni neno "buku tu". Blauzi saba za buku usizozivaa ni elfu saba, na kwa elfu saba ungepata moja nzuri ukaivaa mpaka watu wakajua ni yako.

Ukishika nguo, usiangalie kifua, huko ndiko macho yote yanaenda. Igeuze nje ndani. Angalia kwapa kama pana njano. Njano ya kwapa haitoki, usidanganywe. Angalia shingo kwa ndani, angalia mshono wa katikati ya miguu kama ni suruali, inyooshe uione kwa mwanga kama imekwisha. Fungua zipu na kuifunga mara tatu. Zipu mbovu siyo sababu ya kuacha, ni sababu ya kupunguziwa bei. Kifungo kilichopotea vivyo hivyo. Mshono uliofumuka ni zawadi. Lakini kitambaa kilichochoka hakina fundi. Na usinunue nguo ndogo kwa kuwa utapungua. Nunua iliyokuzidi kidogo. Kubana ni kazi ya dakika ishirini, kupanua ni kazi ya miujiza. Nyumbani loweka kwa sabuni na maji ya moto kama kitambaa kinavumilia, anika, kisha piga pasi kabla haijagusa mwili.

Za ndani nunua mpya. TBS, wale wa Shirika la Viwango, wenyewe wamezikataza za mitumba, na sokoni utaziona zikiuzwa kama hakuna aliyesikia. Hapo usibane hela. Sidiria iliyolegea inaharibu blauzi yoyote utakayoivaa juu yake, hata ya bei gani. Nimewaona wanawake wakinilaumu mimi kwamba gauni halikai vizuri kifuani, nikanyamaza kwa adabu.

Juu ya yale maduka ya kwenye simu nitasema machache. Uliwahi kunionyesha gauni la rangi ya machungwa, picha yake binti mrefu amesimama ufukweni. Lilipokuja lilikuwa jepesi kama chandarua na mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Ukaja kwangu niurekebishe. Picha haina mshono wa ndani, mwanangu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni zile blauzi tatu zilizopauka. Hazikuchakaa kwa kuvaliwa, zilifia kwenye beseni na kwenye kamba. Unaloweka usiku kucha na sabuni ya unga, unamimina jiki hata kwenye nguo za rangi, unakamua kama unamnyonga kuku, kisha unaanika saa sita jua la utosi, upande wa nje ukiwa juu. Blauzi gani itapona? Loweka nusu saa, inatosha. Nguo ya rangi igeuze ndani nje, ianike kivulini penye upepo. Ya kufumwa usiitundike kwa mabega, itaota masikio; ilaze juu ya kamba mbili. Wengine watakwambia utie chumvi kwenye maji ya kwanza ili rangi ishike. Mama yangu alifanya hivyo kwa kanga zake, nami nilifanya miaka mingi kwa kumheshimu, lakini kanga yenye rangi mbovu ilichuja na chumvi yake. Dawa ni kuifua peke yake mara mbili tatu za mwanzo.

Ile suruali iliyong'aa makalioni usiitupe. Ipige pasi kwa ndani, na kitambaa chenye unyevu juu yake, siyo pasi kavu kwa nje kama unavyofanya wewe, ndiyo iliyoing'arisha. Ikikataa kabisa, nitakata viraka vya mto.

Sasa sherehe zijazo. Najua huwezi kukataa sare zote, utaambiwa unajitenga, na wakati wa shida hao hao ndio watakaokuja kukaa nawe jamvini. Toa mchango. Kuhusu kitambaa, mwambie fundi wako tangu mwanzo: nishonee sketi na blauzi, vipande viwili, vifupi vya kutembelea. Ukumbini vaa vyote pamoja uonekane umeshona kama wenzako, Jumatatu sketi iende kazini na blauzi nyeupe. Hakuna atakayejua. Au watajua, watakuiga.

Laki moja na nusu sitatuma. Nakutumia elfu arobaini: sidiria mbili, na blauzi za rangi moja za mitumba, tatu, nyeupe moja na mbili utakazochagua kwa kufuata viatu vyako, siyo kwa kufuata moyo wako. Ikibaki chenji nunua zipu mbili za inchi nane, nyeusi, na uzi mweusi wa kipira kikubwa, lastiki ninayo. Jumamosi uje na magauni yote tisa kwenye mfuko wa salfeti, nitachagua mwenyewe yapi yafe. Lile la njano uliache mwisho, rangi yake naipenda, naweza kulitamani. Kufumua utafumua wewe, nitakupa wembe na kigoda pale mlangoni. Na uje asubuhi, mwanangu, kabla ya saa tatu. Mchana macho yangu hayalioni tundu la sindano.