Ziwa Gani?



Niko Mafia kwa mwaka wangu wa kichungaji, na hivi karibuni nimegombana na Viwawa wa kigango chetu kwa sababu ya maji. Ndiyo, maji. Kisiwa kimezungukwa na Bahari ya Hindi pande zote, halafu sisi tumekaa chini ya mwembe baada ya ibada tunabishana twende kutazama ziwa gani. Mzee mmoja jirani yetu, nahodha wa zamani, Mwislamu mwenye heshima zake ambaye huwa namwamkia kila asubuhi, alipita akauliza kulikoni. Tukamweleza. Alicheka mpaka akashika baraghashia isidondoke. "Wanangu, haya ya hapa yamewaishia?"

Swali zuri, ila ngoja niwaeleze. Wakatoliki hapa ni wachache, na wengi wetu tumeletwa na kazi kutoka bara: walimu, manesi, askari, watu wa uvuvi. Watoto wao wamekulia Kilindoni. Wanajua maji kupwa na kujaa, wanajua boti ya Nyamisati, wanajua papa potwe wanaoletea kisiwa wageni kutoka Ulaya. (Mgeni mmoja aliniambia yeye na mkewe walishindwa kuchagua likizo yao waende Ziwa Como au Ziwa Garda, wote wawili wakanuna, ndiyo wakaja Mafia. Nilicheka. Sikujua zamu yangu inakuja.) Lakini ukiwauliza vijana hawa "kwenu wapi?" watakutajia mahali ambapo wengine hawajawahi kukanyaga. Basi tangu Januari wamekuwa wakiuza vitumbua na juisi ya ukwaju, hela inaingia kwenye kibubu. Sasa inatosha safari moja, mwezi Desemba. Moja tu.

Ziwa Nyasa lilianguka mapema. Lilikuwa na kura moja, ya kijana ambaye mama yake ni wa Mbamba Bay, na mwenyewe alipopiga hesabu ya mabasi akaiondoa. Zikabaki Tanganyika na Victoria.

Mimi nilisimama upande wa Tanganyika, na nilisimama kwa nguvu zote za shahada yangu ya falsafa. Niliwaambia kina chake ni kama mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Nikawapeleka Karema, kwa Adriano Atiman. Kama humjui, mtafute. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi tunayoiita Mali leo, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu kule Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakurudi tena kwao. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini kando ya lile ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa kama mzigo akamaliza maisha yake akiwaponya watu wasio wa kabila lake wala wa lugha yake! Niliongea vizuri, nakiri. Macho ya wengine yalilengalenga.

Katibu wetu, binti wa miaka kumi na tisa, hakulengwalengwa na chochote. Akasema Frateri, hata Victoria kuna historia. Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa lile kwa mtumbwi mwaka 1879 kutoka kusini kwenda Buganda, na miaka saba tu baadaye wakristo wapya wa kule walichomwa moto Namugongo, wale ambao Kanisa liliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Halafu akaongeza la msingi: treni ya umeme inatufikisha Dodoma, basi linamalizia, na Mwanza ana bibi atakayetulaza bure.

Nikajibu. Akajibu. Nikaleta hoja nyingine. Kila nikishinda hoja, nilirudi chumbani sina raha.

Darasani tulisoma kwa Aristotle, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akalipokea, kwamba mtu hafanyi shauri juu ya lengo lake, anafanya shauri juu ya njia za kulifikia. Daktari hajiulizi kama amponye mgonjwa, anajiuliza amponyeje. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri tu. Chini ya mwembe nikalisahau kabisa: wiki tatu tunabishania njia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tunakwenda kufanya nini. Yaani hata mimi, mwenye cheti.

Usiku mmoja nilisoma Luka sura ya nane. Luka huliita ziwa, wakati Marko na Mathayo huliita bahari. Na kweli ni dogo, urefu wake ni kama kilomita 21 hivi. Yesu anawaambia wanafunzi wavuke waende ng'ambo. Sisi tukisoma hapo tunakimbilia dhoruba. Safari hii nilikwama kwenye ng'ambo. Kule kulikuwa na mtu mmoja anaishi makaburini, uchi, amekata minyororo, watu wamemkimbia. Dhoruba yote ile, wavuvi wazoefu wanapiga kelele kwamba wanakufa, na wakifika wanakutana na mtu mmoja wa makaburini.

Nikafunga kitabu. Nilijua kwa nini sitaki Mwanza.

Jumapili iliyofuata katibu aliniwahi kabla sijafungua mdomo. "Frateri, samahani, mbona ukisikia Mwanza unabadilika sura?" Wenzake wakamtazama, maana si kawaida kumwuliza frateri hivyo. Nikawaambia. Tarehe 21 Mei 1996, Mv Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, kaka yake mama yangu alikuwa ndani. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Mjomba hakutambuliwa; nyumbani tunaamini yuko pale pamoja na wenzake. Mama alihama Mwanza mwaka uleule, akahamia Morogoro, na mpaka leo jina la lile ziwa halitamkwi mezani kwetu. Nimeenda seminari, nimejifunza kuwafariji wafiwa, na sijawahi hata siku moja kumwuliza mama yangu mjomba alikuwa mtu wa namna gani.

Kwa hiyo Atiman wa watu nilimtumia kama pazia. Kila nilichosema juu yake kilikuwa kweli, na nilikuwa nadanganya. Mtakatifu Inyasi, alipolala na mguu uliovunjika kule Loyola mwaka 1521, alianza kupima mawazo yake kwa ladha yanayoiacha moyoni yakishapita. Yangu yaliacha ukavu, nami nikaita ukavu ule busara.

Walinyamaza. Kisha yule kijana wa Mbamba Bay, ambaye ziwa lake lilishaanguka siku nyingi, akasema, "Basi twende tukamwombee." Haikupigwa kura. Katibu alifungua daftari akaandika Igoma juu ya ukurasa, na chini yake akaanza hesabu: boti mpaka Nyamisati, gari mpaka Dar, treni, basi, mishumaa. Watu wakaanza kuuliza maswali ambayo hatukuwa tumeyauliza tangu mwanzo: padre gani atatusomea Misa, nani hajatimiza mchango wake na atasaidiwaje. Wawili walikuwa wamekaa kimya wiki zote zile kwa sababu hela yao haikutosha, na sisi tulikuwa bize na kina cha maji.

Karema itasubiri. Atiman alisubiri mengi.

Jioni nikampigia mama. Nilikuwa nimepanga maneno, nikaishia kusema tu tunaenda Mwanza, tutafika Igoma. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikatazama simu kama imekata. Halafu akaniambia mjomba alikuwa anapenda kuimba besi, tena vibaya, na kwaya nzima ilikuwa inamvumilia. Alicheka kidogo. Kisha akauliza hiyo treni yetu inapita Morogoro saa ngapi.