Silsila na Nasaba

Watu wengi wasikiapo kwamba tarika ya Kadiria ni ya Sheikh Abdulkadir Jilani, hudhani kuwa alikaa siku moja akatunga kanuni zake, akateua makhalifa, akafungua mlango kama mtu afunguavyo duka. Historia haisemi hivyo. Alizaliwa Jilani, kusini ya bahari ya Kaspi, mwaka 1077 au 1078, akaingia Baghdad mwaka 1095 kutafuta elimu ya sharia katika madhehebu ya Hanbali. Alipoanza kuwaidhi watu hadharani, mwaka 1127, umri wake ulikwisha karibia miaka 50. Alifariki mwaka 1166, akaacha madrasa, watoto wengi, na mawaidha. Tarika yenyewe, yaani nyiradi, daraja na matawi yake, kwa sehemu kubwa ni kazi ya waliokuja nyuma yake. Hata kitabu mashuhuri cha karama zake, Bahjat al-Asrar, kiliandikwa na Shattanufi, aliyekufa mwaka 1314.

Lakini swali nitakalo kulichungua si la tarehe. Ni hili: je, heshima ya namna hii hurithiwa kwa damu, au hupokewa kwa mkono?

Tutazame Sheikh mwenyewe aliipokea kwa nani. Mwalimu wake wa njia ya batini alikuwa Hammad, aliyeitwa Dabbas kwa kuwa aliuza shira ya matunda, na husimuliwa kwamba hakuwa na elimu ya vitabu. Husimuliwa pia kwamba wafuasi wa Hammad hawakupendezwa kumwona mwanachuoni wa sharia akiingia baraza lao. Khirka alivikwa na Kadhi Mukharrimi, ambaye madrasa yake ndiyo aliyokuja kuishika. Wote wawili hawakuwa jamaa zake. (Ugomvi wa wanazuoni juu ya ukoo wake kufika kwa Hassan bin Ali siuingii, hauhitajiwi hapa.) Lau mlango wa Hammad ungalifunguliwa kwa ukoo tu, yule kijana mgeni angalibaki nje.

Hata hivyo, Sheikh alipokufa, madrasa ilishikwa na mwanawe Abdulwahhab. Hivyo tangu mwanzo nyuzi mbili zilisokotwa pamoja: silsila, ambayo humfunga mtu na mwalimu, na nasaba, ambayo humfunga na baba.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika zaidi katika pwani yetu. Kadiria ilienea huku mwishoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa walioieneza ni Sheikh Uweis bin Muhammad wa Barawa, aliyekwenda Baghdad, na baadaye akafika Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash. Ilikuta miji ambayo mtu huulizwa kwanza ni mwana wa nani, na asiye na jibu la kupendeza hukaa nyuma. Bagamoyo palikuwa na Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramia. Aliletwa utotoni kutoka Manyema akiwa mtumwa. Alisoma, akapewa ijaza, akawa khalifa. Na watu ambao baba zao waliitwa waungwana wakambusu mkono. Nasaba isingalimpa hata nafasi ya kuketi mkekani. Silsila ilimpa jina lililounganishwa, mwalimu kwa mwalimu, mpaka Baghdad.

Alipofariki mwaka 1931, aliyeshika mahali pake alikuwa mwanawe, Muhammad.

Sisemi kwamba hilo lilikuwa kosa. Mtoto akuaye katika nyumba ya zikri husikia kabla hajajua kusema yale ambayo muridi mwingine huyafuata kwa safari ndefu, na huko nako ni kusoma. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, kinachompa haki ni kusoma, si kuzaliwa. Nyumba na shamba vina mafungu yake katika sharia ya mirathi. Ijaza haina fungu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama muridi wa Bagamoyo aliyempa mwana mkono wake alishika mkono wa mwalimu au wa mrithi. Nilimjibu kwamba yamkini muridi mwenyewe hakuyatenga mawili hayo. Hakuridhika, wala sidhani kwamba alikosea.