Hasara ya Mkono Mgeni

Husemwa kwamba fundi hana wajibu wa kumwajiri asiyejua kazi. Sikubali. Isiolo, mji ulio katika njia ya Marsabit na Moyale, wajulikana kwa bangili zilizosokotwa kwa nyaya za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini. Nyaya hizi hazilingani kwa ulaini. Kipimo cha nguvu ya kuzisokota hukaa katika vidole, wala maneno hayawezi kukifikisha huko. Basi mwanafunzi hana budi kuharibu waya. Nani aulipie? Wako wanaokata ujira wake, ambao ni mdogo tangu hapo. Naiona dhuluma: waya ulioharibika ndio uliomfundisha, na fundi ndiye atakayeuza bangili za mkono huo ukisha kuzoea. Tena waya alioharibu fundi mwenyewe katika ujana wake, nani aliulipia?